Siku Niliyoshuka Dunguni

Ijumaa, 8 Mei 1970
Dunguni, juu ya ulingo wa kulindia shamba, tangu alfajiri. Nimewinga ndege mpaka mkono wa kombeo umekufa ganzi. Mtama umeanza kukomaa, na wao wamejua kabla yetu. Hili ni shamba letu la kwanza la ujamaa hapa Masanze. Likiliwa, nusu ya watu watarudi walikotoka, na mimi katibu ndiye niliyewashawishi wahamie. Zamu nimezipanga mwenyewe. Jumapili zote nimejipa mimi, mtu asije akalalamika. Sijaingia kanisani tangu Pasaka.

Jumapili, 10 Mei
Mchungaji amepita chini ya dungu akienda ibadani. Hakunikaripia. Ameuliza tu kama Amri ya Nne, ile ya siku ya kupumzika, niliiacha kule milimani nilipohama. Nimeudhika kutwa nzima. Ni kweli, ndiyo maana.

Jumatatu, 11 Mei
Leo haikuwa zamu yangu. Nikasema nitapumzika badala ya jana. Nikatia mipini majembe, nikaziba tundu la bati, nikamfundisha binti yetu Rehema namna bora ya kufagia. Jioni mke wangu Damari akasema, “Baba Rehema, wewe ukipumzika tunachoka sote.” Nikacheka. Baadaye sikucheka. Tangu tuhamie hapa sijaketi na Damari mchana hata mara moja.

Jumatano, 13 Mei
Nimeelewa jambo! Nimesoma upya kurasa za kwanza za Biblia, nikainuka na kuzunguka chumba. Siku zote nilidhani pumziko ni ujira wa aliyemaliza kazi. Lakini Adamu aliumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima ilikuwa ya kupumzika! Hakuwa amelima hata tuta moja. Alianza na pumziko, kazi ikafuata. Mbona sikuliona hili shuleni? Nataka Jumapili yangu. Naitaka kama mtoto anavyotaka sikukuu.

Alhamisi, 14 Mei
Nimekwenda kwa jirani yetu, Mzee Shomari. Hakuna anayemfikia kwa kombeo. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikakosa pa kuanzia. Kumbe naye ana lake: Jumatatu ni Maulidi, anataka kwenda Kilosa mjini, na zamu ni yake. Akasema, “Basi Jumapili nitakaa mimi, Jumatatu ukae wewe.” Tukapeana mikono. Rahisi hivyo! Na Jumapili yenyewe ni Pentekoste. Macheo mpaka machweo sitagusa kazi. Damari haamini. Ameahidi kuniombea, na kuficha jembe.

Jumamosi, 16 Mei
Habari mbaya. Kundi kubwa la ndege limetua kwenye matete ya mto Mkondoa. Walioliona wanasema lilikuja kama moshi. Nilikwenda kwa Shomari kuvunja mapatano, nikafika mpaka mlangoni. Nikarudi bila kubisha hodi. Kama napumzika kwa ruhusa ya ndege, basi ndege ndio mabwana zangu.

Jumapili, 17 Mei
Ibada njema. Nimeimba mpaka sauti imekauka. Tukarudi, tukala. Ndipo madebe ya kufukuzia ndege yakaanza kulia shambani. Hayakukoma. Nilivumilia, nikashindwa. Nikamwambia Damari nakwenda kunyoosha miguu. Aliitazama tu hiyo miguu.

Nilipofika ukingoni mwa shamba, bonge la udongo likapasuka mbele yangu. Shomari alikuwa amesimama dunguni, kombeo mkononi. “Nani huyo? Ndege mwenye suruali? Rudi kwa mkeo, Katibu! Au hukuniamini?” Wapiga madebe wakaangua kicheko.

Hilo la mwisho limenichoma. Sikumwamini. Na Mungu je? Naye sikumwamini. Nilijiona mimi peke yangu ndiye ninayeushikilia mtama usianguke. Nikarudi nyumbani karibu mbio, nikicheka mwenyewe njiani.

Kisha pumziko likaja! Nikajinyoosha kwenye mkeka. Rehema akalala kifuani mwangu. Damari akanipa habari za ndoa ya dada yake, mwanzo hadi mwisho, na jinsi anavyoikumbuka baridi ya milimani. Sikujua ameniwekea maneno mengi hivyo. Jua lilipozama nilikuwa na furaha ya mwanafunzi siku ya kufunga shule.

Jumatatu, 18 Mei
Dunguni. Shomari yuko Kilosa. Upande wa mtoni ukanda mzima umeliwa, masuke yamebaki makapi. Nimeona mwenyewe. Kwanza hasira, halafu hofu. Jioni Mwenyekiti wa kijiji amekuja, ametazama, ameitisha mkutano keshokutwa. Hakuniaga.

Jumanne, 19 Mei
Shomari amerudi ananukia udi. Alikuja moja kwa moja kwangu kuniambia la ukanda ule, kabla hajaingia kwake. “Tumepigana nao, mwanangu. Ungekuwapo wangekula vilevile, na ibada ungekosa.” Namwamini. Safari hii namwamini.

Jumatano, 20 Mei
Naandika mbio kwa furaha, mwandiko mbaya. Mwenyekiti alitaka niahidi mbele ya watu kwamba sitashuka dunguni tena Jumapili mpaka mavuno. Alisema uhuru ni kazi. Alisema ndege hawana dini. Nikasimama. Nikasema kweli ndege hawana, ila sisi tunazo, na tuko wengi wa kutosha kupokezana. Nikaomba kila nyumba ipate siku yake: Ijumaa kwa Waislamu, Jumapili kwetu. Nikadhani nimeangamia. Shomari akadakia: “Katibu akichoka anatugombeza sote. Mpeni Jumapili yake, nasi tupumzike!” Baraza zima likacheka. Mwenyekiti alijizuia, akashindwa. Mikono ikanyooshwa. Imepita! Sijawahi kupenda mkutano kama huu.

Jumatatu, 25 Mei
Jana sikuandika. Ibada, ugali na mlenda, usingizi. Ndege walikuja, niliyasikia madebe. Damari alikuwa akimsuka Rehema nywele. Nilimshikia kitana mpaka akamaliza.