Tusajigwe Ataendelea Kunyonya

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Ileje? Sisi huku Tunduma tu wazima. Mjukuu wako ana miezi mitano na anayapigia kelele malori kama ana ugomvi nayo.

Ujumbe uliompa kaka Ambakisye umenifikia. Kwamba nimlete Tusajigwe umlee kwa uji na maziwa ya ng'ombe, kwa sababu mimi mama yake nina virusi vya UKIMWI, la sivyo nisionekane Krismasi. Mama, simleti. Tafadhali usikasirike kabla hujamaliza kusoma, nakujua unavyoruka katikati.

Siku ile nilipotoka kazini nikamkuta mtoto ana uji wa ulezi mdomoni, na miezi yake mitatu tu, nilikupandishia sauti. Ukabeba kikapu chako ukapanda gari bila kuaga. Kwa ile sauti, nisamehe. Kwa nilichosema, hapana. Najua kwetu mtoto huonjeshwa uji mapema ili ashibe, na mimi nilikua hivyo. Ulidhani unampunguzia hatari. Lakini tumbo changa likichanganyiwa uji na ziwa la mama hupata michubuko, na virusi hupata pa kupenya. Mimi nameza dawa za kufubaza kila siku, yeye alipewa dawa yake ya maji, na mpaka afikishe miezi sita ni ziwa tupu. Hicho ndicho kinachomlinda.

Nilimweleza muuguzi yote. Akamtoboa kisigino, tone la damu likapelekwa maabara. Siku zile za kusubiri nilikuchukia, Mama, sikufichi. Nilijichukia zaidi kwa kukuachia mtoto bila kukueleza vizuri. Majibu yametoka: hana.

Tena unasema kazi yangu hii ya kuwafuatilia akina mama walioacha kliniki inawaaibisha ninyi huko nyumbani. Wiki iliyopita nilivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, mtoto mgongoni, beseni la mchele kichwani kama muuzaji, maana mwenye nyumba akijua nimetoka kliniki, mpangaji wake anafukuzwa. Nikamkuta binti ana kichanga, dawa kaacha.

"Dada, mama mkwe akiona vidonge nimekwisha," akaniambia. "Na kunyonyesha naogopa."

Nikaketi, nikamnyonyesha Tusajigwe mbele yake. "Mimi ninavyo virusi," nikamwambia, "na huyu hana. Mimi mwenyewe mama yangu hataki nimnyonyeshe."

Jumatatu alikuja kliniki na mtoto wake. Sasa niambie, Mama, hapo aibu iko wapi? Ningenyamaza ili majirani wa kwetu wapate amani, yule binti nani angemfuata?

Nisalimie Baba, na kaka Ambakisye na mkewe, mwambie kaka asikubali tena kutumwa maneno ya namna ile. Msalimie na mama mchungaji aliyenifundisha kuimba.

Krismasi tunakuja wote wawili, umetukaribisha au hujatukaribisha. Wakati huo Tusajigwe atakuwa amepita miezi sita na anakula, basi mpikie uji wako, hata sufuria nzima. Na ziwa nitampa pia, palepale kanisani, kwenye benchi letu. Wamama wakigeuka kukuuliza, usinisemee. Nina mdomo.

Mwanao anayekupenda na asiyejificha,
Atupele