Utulivu wa Usenge

Jumamosi

"Usenge ni kimya, shemeji. Nililala huko siku tatu, nikasikia maji ya ziwa tu." Kwa maneno hayo ya kaka wa mke wangu nilikubali tuhame Nyamasaria, ambako malori yamemnyima Mama usingizi tangu apatwe na presha.

Leo tumeenda kutafuta nyumba. Kimya gani! Injini za maboti, redio tatu zikishindana, wanunuzi wakigombania omena, vidagaa vya ziwani. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa akianika omena kama kuna sherehe, maana shemeji alilala hapa akasikia maji tu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo shemeji yako alikuja mwezi ukiwa mpevu, Baba. Mwezi ukiwaka omena haifuati taa, kwa hivyo wavuvi wote walikuwa wamelala."

Na huyo shemeji amezaliwa kando ya ziwa, akalishwa omena! Nami, mwandishi ninayebishana na kila mhariri, nilimwamini bila swali. Mwenye nyumba wa Nyamasaria nimeshampa notisi. Sijui tutaenda wapi.

Mama alisema tu, "Hata malori hupumzika."

Nyinyi mashemeji mnaotugawia miji kama peremende: nendeni mkalale Usenge wiki ya giza, ndipo mniite kikaoni kunishauri pa kuhamia.