Vikapu Vitatu vya Baba

Jumatatu, 12 Juni 1995

Yametimia. Tangazo limebandikwa getini asubuhi. Kiwanda chetu cha mafuta ya pamba kimepata mwekezaji (neno hili bado halijanikaa mdomoni), kampuni ya Wazungu. Tuko mia moja na arobaini, watabaki sitini. Miaka ya kazi haiangaliwi. Undugu hauangaliwi. Mtihani tu! Kila mtu, kuanzia fomeni hadi mlinzi, Jumatano ya tarehe 28. Wanauita “mtihani wa kupima fikra”.

Nusrat wa ofisini kagawa karatasi za maswali ya mfano, wino wa stensili bado mbichi. Watu wameinamia karatasi. Mimi nikasoma swali la kwanza – nikacheka kwa sauti!

“Ndege wote wana mabawa. Kanga ni ndege. Je, kanga ana mabawa? Kweli. Si kweli. Haijulikani.”

Wote wakanigeukia. Nusrat akasema dada Bernadeta kachanganyikiwa mapema. Wala. Nilimsikia baba. Miaka kumi na tisa sijasikia mtu akisema hivyo, na leo maneno yake yamekuja kwenye karatasi ya Wazungu.

Baba alikaa seminari miaka minne, akaacha, akarudi Sengerema kulima pamba. Kitu pekee alichotoka nacho ni mafumbo haya. Jioni za msimu tukikaa uani kuchambua, pamba safi huku, fifi yenye madoa kule, naye anaanza: “Pamba safi yote ni nyeupe. Hii niliyoshika ni nyeupe. Je, ni safi?” Kaka zangu wanapiga kelele: kweli! Mimi nasema haijulikani. Baba ananirushia karanga. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kujisikia mwerevu kiasi hicho tena.

Jumanne, 13 Juni

Mzee Maige wa mizani kanifuata stoo. Miaka ishirini na minne anapima mbegu hapa. Mimi nimemkuta, nikaandika kitabu cha mizani naye kwa miaka kumi na mitatu: yeye anasoma, mimi naandika. Kavua kofia. Akasema, Mama Precious, nasikia wewe unayajua haya mambo. Nikamwambia tukae tu, Mzee, ni mchezo.

Nikamsomea: “Wafanyakazi wote wa Kiwanda A ni wakweli. Malimi ni mfanyakazi wa Kiwanda A. Je, Malimi ni mkweli?”

“Malimi yupi?”

Malimi yeyote tu, Mzee.

“Kama ni yule wa Usagara, huyo si mkweli hata kidogo. Aliniuzia mbuzi kipofu!”

Nikacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Akasema hajawahi kutia sahihi uzito ambao hakuuona kwa macho yake, na huyu Malimi wa karatasi hajamwona.

Alhamisi, 15 Juni

Siku ya pili na Mzee Maige. Bado anauliza watu ni wa ukoo gani. Nimemwambia maneno ya baba: usiulize kama ni kweli, uliza kama inafuata. Akauliza, sasa kama si kweli, inafuata kwenda wapi? Nimechoka.

Mwanangu Precious kaniuliza usiku kama tutahama. Nimesema hapana. Baba yake yuko machimboni Geita, barua ya mwisho ilikuja Pasaka. Nyumba hii inasimama kwa mshahara wa kiwanda.

Jumamosi, 17 Juni – Sengerema

Nimekuja kwa mama kutafuta daftari la mafumbo la baba. Kivukoni Kigongo tulisubiri saa nzima, upepo mkali, ziwa limechafuka. Ng'ombe mmoja aligoma kupanda, watu sita wanamsukuma, abiria wote tunatoa ushauri. Upande wa Busisi wanauza mihogo ile ile, kwenye majani yale yale. Nilikula huku nimesimama, kama nilivyokula na baba nilipokuwa nikirudi bodingi.

“Mwangaluka, mayu,” nikamwamkia kwa Kisukuma mlangoni. Mama hakuamini. Kapungua. Akaniambia nimenenepa, mjini kuzuri.

Daftari halipo! Mama kalichana miaka mingi iliyopita, akawa anafungia mbegu za mchicha. Hana hata haya. Alisema, ulitaka nizifungie na nini? Halafu akaingia ndani, akatoka na vikapu vitatu vya kuchambulia pamba, kimoja ndani ya kingine. Vikavu, ukingo umeliwa na panya. Nikavishika nikalia papo hapo uani, mtu mzima mimi!

Ndivyo baba alivyofundisha. Kikapu kidogo ndani ya cha kati: pamba safi yote ni nyeupe. Cha kati ndani ya kikubwa. Halafu anarusha punje ya mbegu. Imedondokea wapi? Kama iko kwenye kidogo, iko kwenye vyote. Kama iko nje ya kikubwa, haimo katika chochote. Kama umeambiwa tu kwamba iko kwenye kikubwa – haijulikani mpaka uambiwe zaidi. Hakuna uchawi.

Jumapili, 18 Juni

Tumetoka misa, tumepita nje ya hospitali. Mama hakugeuza shingo. Mimi niligeuza.

Naandika, sijawahi kuandika hili. Mwaka sabini na sita, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Baba kabaki mifupa. Mimi na miaka kumi na tisa. Akaniambia, haya Bernadeta, la mwisho. Watu wote hufa. Mimi baba yako ni mtu. Je?

Nilijua jibu. Mtoto wa miaka mitano angelijua. Nikasema: haijulikani.

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nesi akaja mbio. Alipotulia akasema, umekosa. Halafu akasema, lakini leo nakupa alama.

Alikufa Alhamisi iliyofuata. Nimemkumbuka leo.

Jumanne, 20 Juni

Nimepeleka vikapu kiwandani. Wakati wa chakula tulikaa nyuma ya mizani, mimi, Mzee Maige na mbegu za pamba kiganjani. Kuona vikapu tu, uso wake ukabadilika. Kumbe mzee alikuwa anataka kitu cha kushika! Maswali sita kapata matano. Malimi kaingia kikapuni bila kuulizwa habari za mbuzi.

Ugomvi ukaja kwenye mamba. “Samaki wote wanaishi majini. Mamba anaishi majini. Je, mamba ni samaki?”

“Si kweli,” akasema. Haraka, kwa ushindi.

Nikamwambia hapana, Mzee. Haijulikani.

“Haijulikani? Mamba? Mama Precious, mimi nimezaliwa ufukweni. Miaka sitini nakula samaki, sijawahi kuuziwa mamba!”

Nikaweka vikapu. Majini ni kikapu kikubwa, samaki kidogo ndani yake. Nikatupa mbegu kwenye kikubwa. Huyo ndiye mamba. Kwa sentensi hizi mbili tu walizotuandikia, atajuaje mtu kama yumo kwenye kidogo? Akaitazama ile mbegu muda mrefu. Akasema taratibu, kumbe hata mamba hajulikani.

Nilijisikia kama baba. Nilitamani kumrushia karanga.

Ijumaa, 23 Juni

Tisa kati ya kumi! Mzee Maige kasimama, kavaa kofia, kaondoka. Kesho ni mapumziko lakini kasema atakuja.

Jumatano, 28 Juni

Basi, umefanyika. Bwalo la chakula, meza zimeachanishwa, Mzungu mmoja na saa mkononi, Nusrat akitafsiri. Maswali thelathini. Nilichora vikapu vidogo pembeni mwa karatasi, vitatu vitatu. Mkono ulikuwa wangu lakini nilikuwa uani kwetu, harufu ya pamba na moshi wa mama. Nilimaliza kabla ya muda. Naona nimefanya vizuri. Acha niandike hivyo, hakuna anayesoma.

Nje nikamsubiri Mzee Maige. Katoka wa mwisho, anatabasamu. Nikamuuliza imekuwaje.

“Nyingi nimeweka haijulikani.”

Nyingi ngapi, Mzee?

“Karibu zote. Nilianza vizuri na vikapu. Halafu nikasema moyoni, kama hata mamba hajulikani, mimi ni nani nitie sahihi kwa watu nisiowaona?”

Tabasamu lake! Anadhani kashinda. Nikasema vizuri, Mzee. Nikaenda chooni nikasimama tu, nimeshika ukuta. Mamba wangu. Ni mimi niliyemletea huyo mamba.

Alhamisi, 29 Juni

Tangazo jipya getini, sahihi ya meneja mpya: WOTE WALIOFAULU WATAITWA KWA MAJINA KESHO IJUMAA KABLA YA SAA KUMI JIONI. Basi. Hakuna neno juu ya wengine.

Fomeni Josephat kasema ni ustaarabu, hawataki kuaibisha watu. Mzee Maige alilisoma mara mbili, kidole chini ya mstari. Sijui aliona nilichokiona. Waliofaulu wote wamo kwenye kikapu cha watakaoitwa. Mwenye kubaki nje ya hicho –

Sitaki kuandika.

Ijumaa, 30 Juni

Leo nimekuja na shajara kazini, sijawahi. Kazi zimelala. Kila mtu kashika kona yake, macho mlango wa ofisi.

Saa nne Nusrat katoka na karatasi. Anaita watatu watatu. Josephat kaitwa. Dada wa kantini kaitwa, kapiga vigelegele.

Saa tano na nusu: mimi! Nikaingia, nikasaini, nikatoka. Nilifurahi. Naandika nisijidanganye, nilifurahi sana, niliona Precious na sare yake ya shule. Halafu nikamwona Mzee Maige ananipigia makofi kutoka mizanini, kasimama wima, na furaha yote ikaniisha.

Saa nane. Hamsini na moja wameitwa, nimehesabu.

Saa tisa na robo. Hamsini na saba. Nimeleta kiti changu mizanini. Mzee Maige anafuta vumbi kwenye mawe ya kupimia, moja moja, kwa kitambaa. Kasimulia ilivyokuwa mwaka sabini na moja, mizani hii ilipofika kwenye sanduku la mbao, yeye kijana, ndiye aliyeifungua misumari. Kasema siku ile walipima kila mtu kiwandani kwa furaha, hata meneja. Nimecheka naye. Nilitaka asiache kusimulia.

Saa tisa na dakika hamsini. Nusrat katoka. Kaita watatu. Karudi ndani, kafunga mlango. Sitini.

Saa kumi imepita kwa dakika saba. Mzee Maige kachukua vikapu vya baba chini ya meza, kavipanga, kidogo ndani ya cha kati, cha kati ndani ya kikubwa. Kaokota mbegu moja sakafuni. Kaishika hewani juu ya vikapu, haiachii.

“Mwalimu,” kasema. Hajawahi kuniita hivyo. “Wote waliofaulu wameitwa kabla ya saa kumi. Maige hakuitwa. Je?”

Nimetazama mbegu.

“Haijulikani, Mzee.”

Kanitazama. Katabasamu kidogo tu, kaitia ile mbegu mfukoni mwa shati.

Sasa honi getini. Lori la mbegu kutoka jineri, wanakotenganisha mbegu na pamba, limechelewa tangu asubuhi. Hakuna aliyekuja kumwambia Mzee Maige lolote. Kavaa kofia, kawaita makuli, kasimama pale pale anaposimama. Kitabu cha mizani kiko ofisini, na mlango wa ofisi siendi kuugonga. Naandika humu humu kwenye shajara. Anasoma: gunia la kwanza, hamsini na nane. Gunia la pili, sitini na moja. Gunia la tatu –