Nilifumua Kazi ya Mdogo Wangu

Mshauri mpendwa, huwa nasoma majibu unayowapa wenzangu nikicheka, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani, sasa naomba unisaidie na mimi maana nimekwama na sina wa kumwambia.

Mimi ni fundi cherehani, nina karakana ya magauni ya harusi na sare, niliianza na mdogo wangu wa kike katika chumba tulichokuwa tunalala, cherehani moja tukipokezana, mimi nikishona yeye anapiga pindo kwa mkono, halafu tunabadilishana, huku tunawasengenya wateja mpaka mbavu zinauma, na siku hizo, mshauri, nilikuwa na raha ambayo sikujua kuwa ni raha. Leo tuna mafundi sita na bango mlangoni, watu wanasema nimefanikiwa, lakini mchana cherehani sijaikalia sijui tangu lini, kutwa nimesimama, simu sikioni, chaki mkononi, maana hakuna kitambaa kinachokatwa kabla sijachora mimi, wala gauni linalotoka kabla sijalipitisha mimi, mafundi wanapiga soga wakinisubiri na mimi niko sokoni nahangaika na zipu. Wananiita Mama Ukaguzi. Nimewasikia.

Sasa balaa lenyewe. Mdogo wangu anashona vizuri, sikatai, ila hashoni kama mimi, pindo lake jembamba, kola anaigeuza kwa namna yake, basi ikawa akimaliza gauni akaondoka, mimi usiku nalifumua na kulishona upya, kimyakimya, nikijiambia kwamba nalinda jina. Wiki iliyopita bibi harusi mmoja alirudisha gauni lipunguzwe kiuno, mdogo wangu akaligeuza upande wa ndani, akakuta mshono si wake. Akachukua jingine lililotundikwa, hivyohivyo. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Dada, kumbe siku zote hizi nilikuwa nakushonea matambara?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu mbele ya mafundi wote kwamba jina lililo mlangoni ni langu na lawama zinakuja kwangu.

Ameshaniaga. Mwisho wa mwezi anahamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Anakuja kazini, ananisalimia kwa adabu kama vile mimi ni mteja, na adabu hiyo ndiyo inayoniua. Nikisikia anacheka na wenzake halafu nikiingia ananyamaza, natamani nitoke nje nikalie. Mume wangu anasema, "Mwongeze mshahara, atabaki." Mimi sitaki mtu wa kubaki kwa mshahara, mshauri, namtaka mdogo wangu, yule wa kile chumba. Kazi nayo imenishinda, nikiachia naogopa itaharibika, nikishikilia ndiyo hivi. Nifanyeje?

Dada Mkubwa

*

Dada Mkubwa,

Pole. Hiyo pole nimeitoa mara moja na sirudii, kwa sababu mengine umeyataka mwenyewe.

Hebu tuanze na lile gauni lililorudi kwa ajili ya kiuno. Aliyelishona mara ya mwisho nani? Haya, tuendelee.

Unasema ulikuwa unalinda jina. Jina gani, wakati mafundi sita wamekaa wanakusubiri uje na chaki? Unalipa watu wakutazame ukichoka! Na usiniambie hakuna anayeweza kukata kama wewe. Watawezaje, na mkasi hujauachia? Kuna kitambaa kitaharibika, ndiyo. Hata wewe uliviharibu ulipokuwa unajifunza, ila hukuwa na mtu wa kukuchungulia begani.

Lakini barua yako imenigusa, sikufichi. Nina chumba changu cha namna hiyo, na watu wake siwapati tena. Kile chenu hakirudi, mama. Mle ndani mlikuwa sawa, wawili kwa cherehani moja. Leo yeye anakaguliwa na wewe unakagua, halafu unashangaa hakusimulii umbea.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi waite mafundi walewale uliomwaibisha mbele yao, umwombe radhi na utaje ulichofanya, kwamba ulikuwa unafumua. Mambo ya "nilikuwa na mawazo mengi" yaache nyumbani. Kisha magauni ya harusi mkabidhi yeye, kuanzia vipimo mpaka mteja anatoka mlangoni, na sare mpe fundi mwingine unayemwamini. Kaeni wote mkubaliane kazi nzuri ya karakana yenu ikoje, pindo upana gani, kola igeuzwe vipi, na yeye aseme wewe usikilize. Kazi ikifikia hapo, mikono yako iwe mbali. Zipu akanunue mwingine. Wewe kila asubuhi kaa ushone, maana unaipenda kazi hiyo na kuikosa kumekufanya mkali bure.

Huenda akaondoka hata hivyo. Akiondoka msindikize vizuri, usimnunie, na mlango uache wazi.

Ila kabla ya mwisho wa mwezi, chukua kitambaa kizuri ulichojiwekea, umpelekee, umwombe akushonee gauni, mtindo achague yeye. Simama akupime, usimwelekeze kitu. Atakapokuzungushia futi kamba kifuani, atakuwa amekusogelea kuliko wakati wowote mwaka huu. Hapo mwambie umemkumbuka.