Kibuyu cha Syokau

Jumatatu, 9 Oktoba

Uji mwembamba. Kidonge cha moyo, kidonge cha kutoa maji mwilini. Miguu imevimba tena hadi magotini. Daktari wa Machakos alisema nirudi baada ya wiki mbili. Sitarudi. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, najua baki dogo nikiliona.

Basi niandike nilichoficha. Chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku la bati, kuna kibuyu cha mbegu. Ni mahindi ya kinyanya, yale ya zamani, punje ndogo, yanayokomaa kabla mvua haijakata. Yamechanganywa na majivu yasiliwe na fukusi. Syokau, mke wangu, alikijaza msimu wa mwisho tuliovuna. Alikiziba kwa gunzi na kinyesi cha ng'ombe, akakandamiza kwa dole gumba. Hakumaliza mwezi, tukamzika. Tangu hapo, hapa kwetu Kivaa, hatujaona mvua ya kuitwa mvua.

Ndunge, mke wa mwanangu, hajui. Anaamini kinyanya yote tuliila mwaka wa kwanza wa ukame. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Kwa nini nilimwambia hivyo, leo siwezi kuandika.

Alhamisi, 12 Oktoba

Upepo umegeuka. Migunga ya korongoni imechanua bila kunywa tone.

Ndunge amepata zamu ya mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba. Ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ng'ombe wa kulima walikufa, kwa hiyo ni majembe tu. Zamu ikipita hairudi mpaka mashamba yote yaishe.

Huku kwetu mbegu hutangulia mvua. Anayengoja udongo ulowe amechelewa, maana vuli yetu ni fupi. Tunapanda vumbini na kuomba. Misimu mitatu mfululizo vumbi limekula mbegu na maombi.

Mbegu aliyo nayo Ndunge ni mahindi ya msaada. Makubwa, meupe, ya kukobolewa yapikwe muthokoi, pure yetu. Hayakuzaliwa kwa ajili ya ardhi hii. Yatataka mvua ndefu, na yatakauka yakiwa yanatoa maua. Nilimwona akichagua punje nzuri, moja moja, kwenye ungo.

Nikanywa chai.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikuweza kwenda kanisani. Mutiso, rika langu, alipita baada ya ibada.

"Mwalimu, bado uko? Na mimi nimevaa shati ya matanga!"

Nikamwambia ngoja mvua inyeshe, nitakufa wakati wa kupalilia, akose nafasi ya kuja kula. Alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akawa mnyonge. Kila boma litapanda mahindi ya msaada. Hakuna mwenye kinyanya. "Kama kuna mtu bado ako nayo," alisema, "huyo ni mwizi ama ni malaika."

Alipoondoka nilijisikia vibaya kuliko ugonjwa. Mwaka jana kulikuwa na wiki moja wajukuu walilala njaa, kwa maji ya moto yenye chumvi tu. Mdogo alilia mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa juu ya kitanda. Kibuyu kilikuwa chini. Sikuinama.

Jumatatu, 16 Oktoba

Ndunge alienda mtoni kuchimba maji kwenye mchanga. Nilikivuta kibuyu kwa mkongojo.

Alama ya dole la Syokau ipo. Hata mistari ya ngozi inaonekana, na ule mkato wa panga aliokuwa nao tangu usichana. Nilikaa nacho mapajani asubuhi nzima. Mbegu ya miaka mitatu huenda imekufa. Bila kukifungua siwezi kujua.

Nikakifungua kwa kisu. Kizibo kilivunjika vipande vipande. Nimeviweka kwenye kisosi.

Nilitoa punje chache, nikazifunga kwenye leso iliyolowa. Somo la darasa la nne. Maji nimeyatoa kwenye kikombe changu cha dawa.

Nililia. Basi.

Jumatano, 18 Oktoba

Ndunge ameiona leso chini ya shuka.

"Baba, umeficha nini hapo? Panya?"

Nikasema ni jipu. Akataka kulikanda. Nikafoka. Mimi, mzee wa kanisa, nasema uongo juu ya jipu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Zimeota. Si zote, lakini zaidi ya nusu. Vimkia vyeupe.

Nilimwita Ndunge, nikamwonyesha leso, kisha kibuyu. Aliketi sakafuni. Aliingiza mkono ndani, akatoa punje zilizojaa majivu, akazitazama.

"Imekuwa hapa siku zote?"

"Ndiyo."

"Hata ile wiki ya chumvi?"

"Hata hiyo."

Alizirudisha punje kibuyuni. Kisha akasema, "Mbegu hukaa kwa mwanamke, Baba. Hii ilikuwa ya kupewa mimi. Mama hakupata nafasi. Wewe ulipata."

Akaondoka na kibuyu. Jioni aliniletea chakula kama kawaida, akanipangusa miguu kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mwethya imekuja. Niliwekewa kiti kivulini mwa nyumba. Majembe, nyimbo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Ndunge hakupanda peke yake. Alimpa kila mama gao la mkono kwa shamba lake mwenyewe. Walipouliza imetoka wapi, alisema, "Ni Mwalimu aliitunza." Akina mama wakapiga vigelegele. Ndunge alinitazama mara moja tu, akarudi kwenye shimo lake.

Mutiso alikuja mbio na mkongojo wake. "Kumbe ni malaika!"

Nilivua kofia.

Alhamisi, 26 Oktoba

Manyunyu asubuhi. Yalipiga bati, yakaacha. Saa nne jua lilikuwa kali.

Hii ndiyo mvua ninayoiogopa. Inaiamsha mbegu, kisha inaikimbia. Sili vizuri.

Jumapili, 29 Oktoba

Jua. Ndunge alifukua punje moja akaniletea kwenye kiganja. Imevimba, haijapasuka. Nadhani ameanza kunihurumia, au ni mimi ninayetaka iwe hivyo.

Kama hii nayo itakufa, nimeimaliza mbegu ya Syokau bure, na hakuna nyingine mahali popote.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua!

Ilianza saa tisa mchana. Kwanza harufu, kisha upepo uliobeba majani, kisha bati likanguruma hatukusikizana. Ndunge alitoa sufuria, beseni, ndoo, hata ungo, akacheka alipoona ni ungo. Wajukuu uchi uani. Mto ulishuka ukinguruma kama lori.

"Baba, toka ulowe!"

Nikasema nitakufa.

"Si ulisema utakufa tu? Kufa ukiwa msafi!"

Akanishika mkono. Nikatoka. Maji yalikuwa baridi, yakaingia mpaka kwenye masikio. Sikumbuki furaha kama hii tangu nilipokuwa na meno.

Jumapili, 5 Novemba

Kikohozi. Inanyesha kila mchana. Kumbikumbi wametoka, wajukuu wanawala wabichi. Vyura wamepiga kelele asubuhi yote, sijui walikuwa wapi miaka yote hii. Napumua kwa shida. Siogopi.

Alhamisi, 9 Novemba

Ndunge alinitia kwenye wilibaro akanisukuma hadi ukingo wa shamba. Yameota. Mistari imenyooka mpaka kwenye mtaro wa chini, na ng'ambo, kwa akina mama wengine, ni kijani hivyo hivyo. Kuna mapengo. Si mengi.

Tuliporudi alileta kibuyu. Hakuwa amepanda mbegu zote. Alibakiza konzi moja, ikiwa mvua itatudanganya. Ameitia majivu mapya. Alikuwa ameomba kinyesi cha ng'ombe kwa jirani, akaziba, akanisogezea.

"Weka dole, Baba."

Nikaweka. Alama imepinda kidogo. Akakiangalia, akasema ni nzuri, akaenda nacho nyumbani kwake, mahali pake.

Wanasema Mwalimu aliona mbali. Kanisani wametangaza. Ndunge anawaacha waseme, nami nimewaacha.

Hapa kwenye daftari sina wa kumdanganya. Mvua sikuifikiria hata siku moja. Dole la Syokau ndilo nililoficha, si mbegu. Nilikuwa nimeamua nizikwe na kibuyu.