Kikaratasi Ulichokiacha Kwenye Jalada

Mama Nyamisi wangu,

Nimeolewa! Ningekuwa na sauti ya kufika huko uliko, ningepiga vigelegele kutoka Mwigobero hadi ng'ambo ya ziwa. Nimeolewa Jumamosi, Mama, na mume mwenyewe umenipa wewe, ingawa hukumwona hata siku moja.

Unakumbuka nilivyoingia masjala kwako na cheti changu cha sekondari na viatu vya kubana? Watu walikuwa wanahamia vijiji vipya, na karatasi zao nazo zilitakiwa zihame kutoka majalada ya zamani kwenda mapya. Mimi nikawa nachukua moja, natembea hadi kabati la mwisho, narudi kuchukua nyingine. Ukaniangalia asubuhi nzima, kisha ukasema, "Binti, siku ukihama nyumba utabeba kijiko kimoja kimoja?" Ofisi nzima ikacheka. Nikaenda kulia chooni. Ukanifuata, ukanifundisha: nigawe kwanza juu ya meza, kila kijiji na fungu lake, miguu iende mara moja. Na pale karatasi ilipotoka niache kikaratasi kinachosema imekwenda wapi. Hicho cha mwisho nilikiona kazi bure. "Kama haikuaga, haijahama, imepotea," ulikuwaga unasema.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika Butiama, akaja mwalimu kutoka Bunda, ametota jasho. Jina lake Magesa. Mama yake alikuwa amehamishwa, nyumba ya zamani imevunjwa, na kijiji kipya hawampi kiwanja kwa kuwa karatasi yake haionekani. Mama mtu mzima, analala jikoni kwa jirani. Ilikuwa mara ya nne Magesa kuja. Nikafungua jalada la zamani. Karatasi haipo. Ila palikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wako, ule unaolalia kushoto: imehamia kabati la tatu, jalada la pili. Mama, nililia mbele yake. Akadhani imepotea, maskini, akaanza kunibembeleza mimi!

Alirudi kusema mama amepewa kiwanja. Kisha akarudi tena bila shida yoyote. Rhobi wa dirishani akamchokoza, "Mwalimu, leo umepoteza nini?" Akanitazama. "Leo nimepotea mimi mwenyewe."

Ah, Mama! Ningekuwa na wewe siku ile!

Kwenye harusi mama mkwe alinishika mikono yote miwili, akauliza jina la aliyeandika kile kikaratasi. Nilimtajia, akalirudia polepole mara tatu, kama mtu anayelihifadhi.

Kesho nahamia Bunda. Rhobi ndiye atakayekaa kwenye meza yetu. Nimemfundisha kugawa mafungu, na vikaratasi nimemkatia vya mwezi mzima. Barua hii naiweka kwenye droo yako, na juu yake nimeandika: Amehamia Bunda, kwa Magesa. Usije ukanitafuta kwangu Mukendo ukadhani nimepotea.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakuahidi, sitaondoka mahali popote bila kuaga.

Binti yako,
Wegesa