Marahaba Kutoka Kabatini

Aikande, tulikuwepo mimi, Evaline na Leodgar, sebuleni kwa Evaline hapa Gungu. Walimu watupu.

Tulikuwa tukicheza ule mchezo wa simu wa kujificha zimwi lisikuone. Ndiyo, uleule niliowaomba wazazi kikaoni jana waupige marufuku.

Zimwi huwa ni mchezaji mwingine, popote alipo, na ukiongea karibu naye mchezoni anakusikia kupitia simu. Mimi nilijificha kwenye kabati la humo mchezoni. Leodgar akaanza kucheka, nikamnong'oneza, "Tulia, tafadhali."

Zimwi likasimama mbele ya kabati. Likasema, "Shikamoo, mwalimu."

Nikaitikia. Aikande, niliitikia!

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Jamani, kumbe mwalimu naye anacheza!" Ni Shadia wa kidato cha pili. Wenzake wakaangua kicheko nyuma yake.

Marahaba. Kutoka kabatini.

Sioni hasira wala aibu. Nimekufa ganzi tu, chai imepoa mbele yangu.

Evaline anasema, "Kana, dada. Sauti zinafanana." Leodgar naye anasema, "Ukikana, nani atamwamini mtoto?"

Hapo ndipo nilipowajibu wote wawili: Jumatatu, mstarini, nitawaambia wanafunzi kwamba aliyeitikia ni mimi, kabla Shadia hajaitwa mwongo.